Sikio la Kushoto

Waya za masikioni nilizinunua Kebirigo siku ya soko, na upande mmoja ulikuwa kimya. Nikazirudisha nikiwaka, nikamwita muuzaji mwizi mbele ya wateja wake. Akazijaribu mwenyewe kwenye simu yake. Pande zote zililia. Akanivalisha mimi, kisha akazibadilisha, ya kulia ikaenda kushoto. Kimya kilibaki kushoto palepale.

"Sista, hii kitu iko sawa," akasema. "Masikio yako ndio imeharibika."

Watu walicheka, nami nikazikunja waya zangu nikaondoka.

Mimi ni muuguzi mwenye diploma, na miaka hiyo, kwa kukosa ajira, kazi yangu ilikuwa kuchuma chai ya mama huko Manga. Hospitali moja Uingereza ilikuwa tayari kunichukua nikifaulu mtihani wa Kiingereza. Kusoma, kuandika na kuzungumza nilipita. Kusikiliza kukaniangusha: spika moja ukumbini, mazungumzo yanachezwa mara moja tu, ukikosa umekosa. Nililaumu lafudhi ya Wazungu. Nikawa najizoeza nyumbani, simu mezani, lakini kwetu mvua ya alasiri haina likizo, na ikigonga mabati sauti zile zilizama zote. Mdogo wangu, aliyeketi mbali na simu kuliko mimi, alinitajia majibu huku akimenya ndizi. Ndipo nikaenda kununua waya.

Kurudi kutoka sokoni nilijua ni nani aliyeliua sikio hilo. Shuleni kwetu kiliruhusiwa Kiingereza tu; mtoto aliyenaswa akisema Ekegusii, lugha ya kwetu, alivishwa kipande cha mbao shingoni, naye akawinda mwenzake wa kumvisha. Jioni wote waliokivaa walipigwa. Darasa la nne niliomba wembe wa kuchongea penseli kwa lugha ya mama. Mwalimu alinizaba kofi kwenye sikio la kushoto, likatoa maji hadi shule zikafungwa. Mama aliniambia nishukuru, eti ninatengenezewa maisha.

Sabato ya kabla ya kurudia mtihani, mama alimwalika mwalimu huyohuyo, sasa mzee wa kanisa, aje kuniombea. Alikunywa chai yetu, akapiga gumzo kwa Ekegusii kitamu, kisha akamgeukia mama.

"Unaona? Tusingewachapa, huyu angeitwa Uingereza?"

Mama akaitikia kwamba fimbo ya mwalimu ni dawa. Nilimchukia mwalimu siku hiyo kuliko mtu yeyote, na mama hakuwa nyuma sana.

Mwalimu akasimama kushoto kwangu, akaniwekea kiganja kichwani. Nikaona midomo yake ikininong'oneza swali, nisipate hata neno. Nikamwambia, mama akisikia:

"Mwalimu, sikio hilo halisikii. Ndilo ulilolipiga."

Mama akakitazama kikombe chake. Mwalimu hakuondoa mkono. Alizunguka polepole hadi kulia kwangu.

"Basi tega hili lingine," akasema, "tuombe."

Nikalitega. Mtihani ulikuwa Alhamisi, na hilo ndilo nililobaki nalo.