Chui wa Dada Yangu

Shemeji yangu alikuwa na macho. Najua hata wewe unayo, lakini ya kwako ni ya kuangalia kama chai imechemka. Ya kwake yalikuwa kazi. Aliendesha wageni mbugani miaka ishirini na sita, na madereva wenzake wakamwita Darubini, kwa sababu ukimwambia hebu tutafute chui, mwenzako keshamwona zamani, anakusubiri tu umalize maneno yako. Sikio likitikisika kwenye majani kule mbali, gari linasimama. Wageni wamening'iniza mitambo shingoni, wanazungusha vioo, hawaoni kitu. Yeye anaanza kuwaelekeza taratibu, kama anamwonyesha mtoto mahali pa kukanyaga: mti ule mkubwa, tawi la pili kutoka juu, lile lenye kovu, shuka kidogo, hapo. Halafu gari zima linashusha pumzi. Wengine walikuwa wanalia. Watu wazima wenye ndevu zao, wanalia kwa sababu ya paka amelala.

Mimi sikuwahi kuwalilia paka. Mimi ni fundi wa magari hayohayo. Wageni wanayaona yakienda, mimi nayapokea yakirudi, yamejaa vumbi mpaka kwenye redio.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeolewa na hayo macho. Kila safari ikiisha, Darubini anavua buti mlangoni, anaoga, anakaa kitako na kuanza kumsimulia. Dada aliwajua wageni wote bila kumwona hata mmoja. Alimjua yule mama aliyekuja na kofia ya marehemu mumewe, akaiweka kwenye kiti cha dirishani ili na yenyewe ione. Alimjua bwana aliyeuliza simba wanaamka saa ngapi, ili ategeshe saa yake. Aliijua ile familia iliyonuniana siku tatu ndani ya gari moja, mpaka mtoto wa tembo alipoteleza kwenye tope akakaa kwa makalio, wakacheka wote, wakaanza kupeana maji ya kunywa.

Hata lugha ya redioni aliijua. Unajua wageni wakishajifunza maneno mawili, moja ni simba. Wakilisikia redioni halafu mkafika mkakuta simba kaondoka, siku imeharibika, wananuna mpaka jioni. Kwa hiyo madereva wana majina yao. Simba ni sharubu. Tembo ni masikio. Duma ni madoa chini, na chui ni madoa juu, maana huyo makazi yake ni mtini. Dada alikuwa anatumia maneno hayo nyumbani. Jirani yetu mmoja aliyependa kusikiliza mambo ya watu alikuwa akikaribia, dada anasema tu kwa sauti ndogo, "Masikio," na mazungumzo yanabadilika.

Ila mbugani kwenyewe dada hakuwahi kukanyaga. Kinyozi hajinyoi, na mke wa dereva wa mbuga hapandi gari la mbuga. Kila mwaka Darubini alimwambia msimu ukiisha nitakupeleka, nikuonyeshe chui kwa macho yako. Msimu ukiisha, magari yanakuja kwangu, nafungua injini. Nikimaliza kufunga, msimu umeanza.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo silipendi. Wa kwanza kujua nilikuwa mimi. Gari lake lilirudi na mkwaruzo ubavuni, mrefu, kama limepigwa kucha. Nikamuuliza. Akasema miti ya siku hizi haina adabu, inasogea barabarani. Tukacheka, nikapaka rangi. Wiki ya tatu, mkwaruzo ubavu wa pili. Halafu kioo cha pembeni. Halafu akagonga lango la gereji yangu, lango ambalo amelipita tangu nikiwa bado kijana mwenye kiuno. Siku hiyo hakusema utani. Alikaa juu ya tairi, akaniambia kwamba pembeni pameingia giza. Mbele anaona, lakini ni kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Akaniapisha nisimwambie mtu, hasa dada. Nikaapa. Mwaka mzima nilipaka rangi. Gari lake ndilo lilikuwa linang'aa kuliko yote, watu wakamsifia kwa utunzaji.

Kumbe hakuwa anaendesha kwa macho tena. Aliendesha kwa kumbukumbu na kwa masikio. Mbuga ile aliijua kama unavyojua njia ya kwenda chooni kwako. Madereva wenzake nao walishahisi, wakawa wanamwelekeza redioni kwa urefu kuliko kawaida, jiwe gani, mti gani, upande gani, kama wanampigia mtu asiye mwenyeji. Hakuna aliyesema kitu.

Kilichomtoa ni kichuguu. Alikuwa na wageni wanne, asubuhi, jua liko nyuma ya nyasi. Akasimamisha gari, akawaonyesha simba dume amekaa. Akawaeleza yote, umri wake, manyoya yake, vita alivyopigana. Karibu saa nzima. Wageni wenyewe walikuwa waungwana. Waliona udongo, lakini wakadhani simba yuko nyuma yake na ni wao ndio hawajui kuangalia, kwa hiyo wakapiga picha. Jioni wakamwuliza meneja kwa adabu awaonyeshe kwenye picha simba yuko wapi. Meneja akafungua picha moja baada ya nyingine, kichuguu, kichuguu, kichuguu. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akamwangalia Darubini, ambaye alikuwa anatabasamu upande ambao hakuna mtu, akaacha kucheka.

Hawakumfukuza vibaya. Walimpa cheti chenye fremu, na katikati ya cheti, kwa bahati yake mbaya, waliweka picha ya chui. Nikampeleka hospitali mimi mwenyewe. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kina miezi. Akauliza dalili zilianza lini. Darubini akajibu. Daktari akaandika, na bila kuinua kichwa akasema kwamba wangekuja mwaka mmoja nyuma, matone tu yangetosha kushikilia kile kilichokuwepo. Mwaka mmoja nyuma nilikuwa nachagua rangi.

Nyumbani alisema amepumzika kwa sababu ya mgongo. Barabara zile zinaua mgongo, nani atabisha. Na ndani ya nyumba alijua kila kitu kilipo, hakujikwaa. Kwa hiyo dada hakuona upofu. Aliona jambo lingine. Siku moja alikuja gereji, akafukuza wateja kwa macho, akakaa juu ya lile tairi lilelile.

"Shemeji yako ana mwanamke," akaniambia.

Nikamwuliza amejuaje.

"Haniangalii. Napita mbele yake kama napita mbele ya ukuta. Juzi nimevaa gauni jipya, nimesimama pale mlangoni, mwenzangu anasikiliza redio. Miaka yote hiyo ananiambia anaona sikio la chui, leo mimi mzima mzima haonekani?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa na spana mkononi, nikaendelea kukaza nati ambayo ilishakazwa. Nikamwambia labda ni mgongo.

Nilimfuata Darubini jioni ileile, nikamwambia mkeo anatafuta mwanamke asiyekuwepo, mwambie ukweli. Akasema atamwambia, lakini kwanza ampeleke akamwone chui. Amewaonyesha chui watu ambao hata majina yao hakuweza kuyatamka. Hawezi kuzima kabla hajamwonyesha mkewe mmoja tu. Akishamwona, atamwambia.

Gari likitoka matengenezo lazima lijaribiwe. Hilo ni jambo la kawaida, na meneja aliposikia nani atakuwa ndani, hakuuliza gari lina ubovu gani. Mimi nikashika usukani, kwa sababu ya ule mgongo. Darubini akakaa pembeni yangu. Dada akasimama nyuma, kichwa nje ya paa lililofunuliwa, amevaa lile gauni jipya na kitambaa kichwani. Hakuwa na furaha. Alikuwa kama mtu aliyepelekwa matembezi ili aombwe msamaha, anasubiri kuona msamaha wenyewe unafanana vipi.

Lakini mbuga haimwachi mtu na nuno lake. Tulipowakuta twiga, akasahau. Akasema yule jike ana kope kuliko bibi harusi. Pundamilia aliwasifu kwa kunenepa bila kazi. Nyani alimfananisha na mimi, nikanyamaza, ni dada yangu. Darubini akaanza kueleza, na ile sauti sikuwa nimewahi kuisikia. Sauti ya kazini, ya chini, haina haraka. Ukipita jiwe hili, kata kushoto. Hapa punguza, kuna korongo. Nami nikikata, korongo lipo. Nilimwona dada anainama kidogo kutoka kule juu amsikilize vizuri. Nikafikiri, basi itawezekana.

Chui hakuonekana. Saa sita ilipita. Ndipo redio ikakohoa.

Ilikuwa sauti ya Breki. Dereva huyu tulimwita hivyo kwa sababu breki hakuwahi kuzitumia, na kati yake na Darubini palikuwa na ushindani wa miaka. Sasa madereva wana desturi yao: ukimpata chui, unanyamaza mpaka wageni wako washibe, ndipo unawaita wengine. Breki aliwahi kumficha chui saa mbili nzima. Siku hiyo akasema, "Darubini, madoa juu. Korongo la pili, kwenye miti pacha. Naondoa gari langu, chukueni nafasi. Mlete mama."

Tulipofika, Breki alikuwa amerudi nyuma kweli, na wageni wake ndani wanashangaa kwa nini wanaondolewa kwenye uhondo. Nikaingiza gari mahali alipotuachia. Miti miwili imesimama bega kwa bega. Darubini akainua mkono.

"Mti mkubwa," akasema. "Tawi la pili kutoka juu, lile lenye kovu. Shuka kidogo. Hapo. Usiwe na haraka, atakuja mwenyewe kwenye macho."

Alikuwa anaonyesha mti wa kulia. Tawi lilikuwepo, kovu lilikuwepo. Chui alikuwa kwenye mti wa kushoto, amelala peupe kabisa, hata mimi mwenye macho ya kutafutia nati nilimwona. Kwenye gari la Breki mgeni mmoja akanyoosha kidole ili atusaidie. Breki akaushusha mkono wake, taratibu, kama anashusha kitu cha kioo.

Sikugeuka nyuma. Nilimwona dada kwenye kioo, miguu yake tu, maana kichwa kilikuwa nje ya paa. Miguu haikusogea. Darubini alikuwa anaendelea, mkono bado juu, uso umemng'aa, anaueleza mkia kwenye tawi tupu. Halafu ile miguu ikakunjika, dada akashuka, akakaa kiti cha nyuma ya mumewe.

"Tangu lini?" akauliza.

Mkono ukashuka. Darubini akasema, "Mwaka wa pili sasa."

"Na wewe ulijua." Hilo aliniambia mimi, na halikuwa swali. Niliangalia usukani.

"Mimi nimemtafuta huyo mwanamke mtaa mzima," dada akasema. "Nimemnunia mpaka muuza nyanya wa watu."

Darubini alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati, kikawa kitu kingine. Sijawahi kumwona mwanaume akilia kwa adabu namna ile, mikono kwenye magoti, bila kelele, asije akamshtua chui. Dada hakumwambia nyamaza. Alipitisha mkono kutoka nyuma, akamshika kidevu, akamgeuza uso kutoka mti wa kulia mpaka mti wa kushoto.

"Yuko huku," akasema.

Darubini akaangalia, akaangalia. Nilijua anatafuta kwa lile tundu lake la ufunguo. Halafu akaacha kutafuta.

"Yukoje?"

Dada hakujua kueleza wanyama. Alisema amelala kama nguo iliyoanikwa ikasahaulika. Kwamba mguu mmoja unaning'inia. Kwamba ana madoa, sasa na madoa nayo anayaelezaje, ni madoa. Darubini akamwuliza kuhusu mkia. Akamwuliza jua linampiga upande gani. Akamwuliza kama macho yako wazi, na dada akasema yako wazi, na anakuangalia wewe. Tulikaa pale mpaka wageni wa Breki wakachoka kungoja, Breki akaondoka nao bila kuwasha redio.

Dada hakuongea na mimi miezi minne. Ilikuwa haki yake. Sasa tunaongea. Nikienda kwao, wanakuwa wamekaa kibarazani, na Darubini haoni tena hata mchana. Nasikia dada anamtangazia watu wanaopita, kwa lugha ya redioni. Masikio huyo, anajifanya anafunga kiatu. Mimi nikiingia, anasema, "Sharubu langoni, kanyoa vibaya," na shemeji yangu anageuka kunisalimia upande usio wangu, mpaka dada amshike kidevu.

Na kila mara, kabla sijaondoka, atamwomba mkewe anisimulie yule chui, kama vile mimi sikuwepo. Dada anasimulia. Amekuwa hodari siku hizi, anaanza na mti, anashuka tawi kwa tawi. Hadithi yenyewe imenenepa. Safari hii chui alisimama, akajinyoosha, akapiga miayo, akamwangalia Darubini muda mrefu kabla ya kulala tena. Chui hakusimama. Hakupiga miayo. Nami nipo pale na kikombe changu, nanyamaza. Kunyamaza najua.