Siku Mzee Gulam Alipokataa Kuniagizia Turbo

Nakumbuka asubuhi moja nilivyoshuka basi Bukoba na turbo ya gari, ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, ndani ya kiroba, kifua mbele kama mtu aliyeitwa kutoa ushauri. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nshamba nzima waliniita Fundi Deo, na jina hilo lilikuwa limenipanda kichwani. Mgema akisifiwa, mwanangu, tembo hulitia maji.

Turbo ile niliifungua kwenye gari la zahanati ya masista kule Buganguzi, gari la dizeli lililopeleka wagonjwa hospitali. Lilikuwa limepoteza nguvu. Kwenye mlima lilikokota kama mzee mwenye pumu, na taa ya injini ikawaka. Sista Modesta, msimamizi wa zahanati, aliniuliza lina ugonjwa gani. Sikugusa hata mpira mmoja wa injini. Nikajibu palepale, "Turbo imekufa, Sista. Tuagize nyingine." Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa ulimi mbele za watu.

"Itachukua muda gani?" akauliza.

"Labda wiki tatu, mpaka ifike kutoka Dar."

Sista akaniambia kuna mama mmoja, Koku, ana mimba ya mapacha, mmoja kakaa vibaya, na siku zake zimetimia. "Tumpandishe bodaboda, Deo?"

Nilibeba kiroba changu nikaondoka.

Mzee Gulam alikuwa na duka la vipuri karibu na soko la Bukoba. Babu yake alitoka India, lakini yeye alizaliwa hapahapa, na Kihaya chake kiliwashinda baadhi yetu. Aliipokea turbo, akaifuta, akazungusha pangaboi lake kwa kidole. Likazunguka kimya. Akalitikisa, halikucheza. Akachungulia ndani, hakuona oili.

"Nani kakuambia imekufa?"

"Gari halina nguvu, mzee."

"Basi gari ndilo limekuambia halina nguvu. Turbo haijakuambia kitu. Mipira ya hewa umeikagua? Na ile vali inayoiongoza turbo, umeipima?"

Nikatazama sakafu. Vali yenyewe sikujua hata ilipokaa. Nikasema kwa hasira ya mtu aliyeumbuka, "Mzee, wewe niagizie tu nyingine."

"Waitu, ndugu yangu, siagizi dawa ya mgonjwa nisiyemwona."

Hapo akafanya jambo ambalo sijaliona tena. Alifunga duka, akachukua mfuko wake wa vifaa, tukapanda basi pamoja kurudi zahanati. Mtu wa miaka sabini na zaidi! Njia nzima hakunikaripia. Aliniuliza habari za mama yangu na kahawa yake.

Mchana ule niliirudisha turbo mahali pake, na kesho yake asubuhi tukaanza upya. Yeye alikuwa macho, mimi mikono. Tulifuata mipira ya hewa mmoja mmoja, nikiipapasa kutafuta ufa. Yote mizima. Ndipo akanionyesha vali, kitu kidogo kama kiberiti, ambacho kazi yake ni kuamua turbo isukume hewa kiasi gani. Alinifanya niweke alama kwenye kila mpira kabla ya kuuchomoa, nisije nikaichanganya. Kisha akagusisha nyaya za betri kwenye vali, nami nikapuliza. Vali ililia *tik*, lakini hewa haikupita.

"Umeme wake mzima," akasema. "Kilichoziba ni njia."

Tulipofungua kifuniko cha kichujio chake, tulikuta vumbi jekundu la barabara zetu limegandana na mafuta kama ugoro. Nikakimbilia petroli. Akanishika mkono. "Hiyo itakula mipira yake ya ndani." Tukapuliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, tena na tena, mpaka matone yakatoka meupe, tukaiacha ikauke kivulini. Nilipopuliza mara ya pili, waya ukigusa, hewa inapita; ukiachia, inakata.

Tuliifunga, nikawasha gari, nikalipandisha mlima wa kwenda Nshamba. Mwanangu, lilipanda! Nilipiga kelele peke yangu kwenye usukani.

Niliporudi, Sista Modesta alikuwa uani. "Kumbe turbo imetengenezeka! Hongera, fundi."

Neno "asante" lilikuwa limeshafika ulimini. Mzee Gulam, akifuta mikono, akasema kwa sauti niliyoisikia mimi tu, "Mwana wange, mwambie mwenye gari ugonjwa ulikuwa wapi." Kisha akageuka kupanga vifaa vyake. Angeweza kunimaliza pale pale. Aliniachia nafasi ya kusimama mwenyewe.

"Sista," nikasema, masikio yakiwaka moto, "turbo haikuwa na kosa lolote. Niliitoa bila kupima. Vali ndogo ilikuwa imeziba kwa uchafu, basi."

Alinitazama sana. "Ungepima kwanza, nisingekosa usingizi." Halafu akaniwekea ufunguo mkononi. "Koku akishikwa na uchungu, dereva ni wewe."

Siku ya tatu nilimpeleka hospitali, mchana kweupe, na kila mlima gari liliupanda bila kusita. Mapacha wote wawili walizaliwa wazima.

Mzee Gulam ametangulia mbele ya haki. Nimefundishwa na wengi tangu hapo, wenye vyeti na wenye kompyuta za kusoma magari. Sijaona mwingine aliyefunga duka lake ili asiuze.

Kwa hiyo, mwanangu, uwe umeshika spana, kalamu au sindano, usitaje ugonjwa kabla hujamgusa mgonjwa. Anza na kilicho kidogo na kilicho karibu, kikubwa kitakusubiri. Na ukikosea, sema kwa kinywa chako mwenyewe mapema, maana mficha uchi hazai.

Mungu akupe mikono mitulivu, na ulimi usioona haya kusema "nimekosea". Akukutanishe, ungali kijana, na mtu wa kukukatalia kwa upendo. Amina.