Maandishi ya Pembeni mwa Ubao

Nakumbuka asubuhi niliposhuka Kibaha kutoka kwenye lori la korosho, vumbi la njia yote ya Masasi limenijaa hadi masikioni. Nilikuwa kijana nisiyetulia pahali. Hapo, mwanangu, nikampata Fundi Shabani, mchoraji wa kuchoma, nikawa msaidizi wake. Alipasha ncha ya chuma kwenye mkaa, akaunguza ubao taratibu mpaka milima ya Kichina ikajitokeza. Ukungu hakuuchoma; aliacha ubao mtupu, nao ukawa ukungu. Picha alizitoa kwenye kalenda kuukuu, na maandishi ya pembeni akayanakili vilevile, mstari kwa mstari.

Siku moja tulipeleka ubao Mzenga, kule Kisarawe. Bwana harusi mmoja aliuagiza kwa ajili ya chumba ambacho yeye na bibi harusi walipewa na mama mkwe wake, Bi Zena. Mama yule aliisifu milima, kisha macho yakakwama pembeni.

"Hapa pameandikwa nini, fundi?"

"Kichina, mama. Urembo tu."

"Sikukuuliza lugha. Nimeuliza neno."

Shabani akajikuna kichwa. "Silijui."

"Silijui! Basi binti yangu alale chini ya neno ambalo hata aliyelichoma halijui? Urembo huu, au talasimu ya uchawi?" Akamgeukia mkwewe. "Na wewe, nani kakutuma?"

"Labda ni bei ya majani ya chai!" jirani akadakia mlangoni. Bi Zena hakucheka. Harusi ilikuwa Jumamosi, na Bi Zena alikuwa akimtazama bwana harusi kama mgeni.

Nikanong'ona kwamba huu ni ushamba. Shabani akanikatiza: "Nyamaza. Mama kauliza la haki. Usilolijua ni usiku wa giza, nasi tumemletea giza ukutani kwake."

Moto haufutiki kwa kitambaa, mwanangu. Shabani aliazima randa, akapiga kona ile mpaka maandishi yakawa maranda. Bi Zena akapapasa palipolainika, akageuza ubao, akakagua na mgongo wake.

"Haya. Utundikeni. Na wewe mkwe, kaa unywe chai."

Shaka si uadui, mwanangu. Jambo zuri likiwa na kona usiyoielewa, uliza mbele ya mwenyewe, usiende kulisengenya uani. Nawe ukiulizwa usilolijua, usijifunike kwa urembo.

Siku nilipoondoka Kibaha nisirudi tena, Shabani alinishika kichwa akaniombea. Nami nakuombea: Mungu akupe jicho la kuona na ulimi wa kuuliza, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe na mtu mkweli. Nenda salama.