Salamu Nzima Kabla Ukurasa Haujafunguka

Mimi sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Basi fikiria ilivyokuwa kukaa kwenye chumba kile cha kompyuta pale Bariadi, karibu na stendi, ukurasa wa mtandao nilioutengeneza mwenyewe unagoma kufunguka, na nyuma yangu mkulima amesimama anasubiri bei ya pamba.

Ilikuwa miaka ile soko limeshaachiwa huria. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia vijijini na mizani zao, kila mmoja na bei yake. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenunua kompyuta na dishi la intaneti. Kazi yangu ilikuwa ukurasa: asubuhi napiga simu Maswa, napiga Lalago, nauliza pamba inanunuliwaje, naandika. Mkulima akishajua bei ya Maswa, mnunuzi wa kijijini kwake hamchezei tena. Na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza skripti, zile amri ndogo zinazoufanya ukurasa uchangamke, nikatia nne: saa inayofuata mshale wa kipanya, maandishi yanayokimbia, ng'ombe watatu wanaokatiza juu ya bei, na kihesabu cha wageni. Kihesabu nilikichukua bure kwenye tovuti moja ya Ulaya, ili mjomba aone jinsi watu wanavyomiminika.

Hawakumiminika. Walisubiri, wakachungulia jua, wakaenda zao. Mjomba akasema msimu ujao wa pamba ukifunguliwa hali ikiwa hivi hivi, kompyuta anauza, chumba anaweka mashine ya kusaga. Jamani, mashine ya kusaga, katika mji ambao mashine za kusaga zilikuwa kila kona! Hata chakula kilinishinda.

Dishi lilikuwa zima, maana barua pepe zilifunguka vizuri. Nikajua adui yumo ndani ya ukurasa wangu, katika zile nne. Nilitaka kuzipima moja moja, ila saa yangu ya mkononi ilikuwa imekufa na ile ya kompyuta ilionyesha dakika tu. Ndipo nikasikia barazani mama mmoja fundi cherehani, jirani yangu, akisalimiana na mteja. Nikaruka kwenye kiti.

Salamu ya Kisukuma ina mpangilio wake. Mwangaluka, yaani habari za asubuhi, kisha mhola, yaani mnaendeleaje, kisha watu wa nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, shamba. Harukwi mtu wala mnyama. Na mama fundi alisalimia kwa mwendo uleule, umsikilize leo, umsikilize kesho. Nikamwita ndani, nikamweleza: nikibonyeza tu, anza kunisalimia, nami nitaitika, tuone tutakuwa tumefika wapi ukurasa ukifunguka. Akacheka mpaka akajifuta machozi, lakini akakubali.

Mara ya kwanza, mapambo yote manne yakiwemo, tulimaliza salamu nzima, shamba likaisha, akaanza kuniuliza habari za shangazi zangu, ndipo bei zikatokea. Nikafuta kumbukumbu ya kompyuta, kwa sababu ukurasa ikishauona huutoa tumboni mwake na kukudanganya kwamba una kasi. Nikatoa saa. Tukafika shamba. Nikatoa maandishi yanayokimbia. Shamba tena. Walibaki ng'ombe wangu na kihesabu, na moyoni nilishawahukumu ng'ombe. Nikawatoa roho ikiniuma. Shamba vilevile! Niliipiga meza, mama fundi akaniambia nisivunje mali ya watu.

Nikatoa kihesabu. Mwangaluka, mhola, watu wa nyumbani, na bei hizo zimejaa kiooni.

Nilimkumbatia yule mama na sindano zake kifuani. Kumbe kila ukurasa ulipoitwa, ulisimama kwanza kungoja jibu la kihesabu kutoka Ulaya, ndipo uendelee. Kitu nilichokiweka kuwahesabu wageni ndicho kilichokuwa kinawafukuza mlangoni. Nikarudisha saa, maandishi na ng'ombe, tukapima upya: ukafunguka tulipokuwa kwenye ng'ombe. Hapo nilicheza, sikatai.

Siku ya msimu kufunguliwa, mjomba akaja mapema. Jambo la kwanza aliangalia pale kihesabu kilipokuwa, akauliza wageni wamefika wangapi. Nikamjibu sijui, nimekitoa. Akanitazama kwa huzuni, kama mtu aliyeshaipigia simu mashine ya kusaga.

"Sasa nitajuaje kama kuna mtu anautaka?"

Sijafungua kinywa, akaingia mzee wa Lalago, rika la mjomba, mtu wa mifugo mingi na salamu ndefu kuliko wote niliowahi kuwajua. Akataka bei ya Maswa. Nikabonyeza. Mjomba, kwa kuwa alizoea kusubiri pale, akamgeukia ili wasalimiane. Mwangaluka, wakaitikiana. Mhola. Watu wa nyumbani. Watoto. Mjomba akauliza ng'ombe, na papo hapo ng'ombe wangu watatu wakakatiza kiooni, bei chini yao.

Yule mzee akainua kiganja mbele ya uso wa mjomba.

"Ngoja kwanza. Nasoma."

Sijawahi kuona Msukuma wa umri ule akikata salamu katikati, tena ya rika lake, tena ikiwa imefika kwenye ng'ombe. Mzee akasoma Maswa, akasoma Lalago, akarudi Maswa, kidole kwenye kioo. Mlangoni wakaongezeka wengine wawili wakinyoosha shingo. Mjomba akaniinamia, akanong'ona ili asimsumbue msomaji.

"Leta benchi. Hawa watakaa wapi?"

Nikatoka mbio kwa mama fundi kuazima.