Lumbesa ya Barabara

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya barabara ya Makambako, sikupewa kalamu wala kiti. Mhandisi alitoka nje, akaniangalia kuanzia sweta hadi raba, akauliza swali moja.

"Binti, baiskeli unaijua?"

"Naijua, Mhandisi. Nilikuwa napeleka viazi mnadani kwa baiskeli ya baba."

"Na gunia nyuma?"

"Na gunia nyuma."

"Basi usaili umekwisha. Twende."

Tulikwenda Lyamkena, kwenye kipande cha lami kilichonyooka. Palikuwa na misumari miwili iliyopigiliwa kwenye lami, mmoja huku na mwingine kule, na kati yake mita mia tatu kamili zilizopimwa kwa futikamba ya chuma. Baiskeli ya ofisi ilikuwa na kidude kidogo kwenye gurudumu la mbele, kama kiberiti kwa ukubwa. Gurudumu lilipozunguka, namba zake zilipanda. Tulikiita kihesabio. Ulikwenda kutoka msumari hadi msumari mara nne, ukaandika namba, ukapiga hesabu, ukajua gurudumu lako siku hiyo linataka namba ngapi kumaliza kilomita moja. Mhandisi hakupenda maneno makubwa. Kazi hiyo aliiita kuliuliza gurudumu.

"Gurudumu ni shahidi," aliniambia. "Likipata joto linavimba, likipata baridi linasinyaa. Unaliuliza kabla ya kazi, na ukimaliza kazi unaliuliza tena. Shahidi aliyeulizwa mara moja hafungi kesi."

Kazi yetu ya kila siku ilikuwa makalavati, viraka na mitaro. Lakini Mhandisi alikuwa na kazi ya pili aliyoipenda zaidi: alikuwa mpimaji wa njia za mbio. Kila mwaka waandaaji wa mbio za pwani walimwandikia barua, naye alifunga baiskeli juu ya basi na kuteremka kwenda kupima nusu marathoni yao, kilomita ishirini na moja na karibu mita mia. Kuanzia mwaka wa pili alinichukua. Kuanzia mwaka wa saba alinituma peke yangu.

Kupima njia ya mbio si kufuata katikati ya barabara. Unafuata mstari mfupi kuliko yote ambayo mkimbiaji anaweza kupita: kwenye kona unaambaa na ukingo, kwenye mnyooko unakata kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Nilijifunzia kwenye barabara ya Makambako kwenda Njombe, na kina mama wa Lyamkena waliokuwa wakitoka shamba hawakuniacha nipite salama.

"Kamwene, dada! Umepoteza nini huko ukingoni?"

"Kamwene. Ninapima."

"Barabara inashonewa gauni?"

Baada ya vicheko vyao ndipo nilipofundishwa jambo kubwa kuliko yote. Mhandisi aliniambia kwamba nikishapata urefu kamili, kila mita elfu moja niongeze mita moja. Nikamuuliza kwa nini mkimbiaji aonewe.

"Lumbesa unaijua?"

Nani Njombe haijui lumbesa? Ni gunia la viazi lililojazwa kupita mdomo wake, juu likafumwa kamba mpaka likawa na kichwa kama mtu. Mkulima hulipwa gunia moja, na kile kichwa huenda bure. Baba yangu alikufa akiilaani.

"Hii ni lumbesa ya barabara," alisema Mhandisi. "Ile ya viazi inamwumiza mkulima. Hii inamlinda mkimbiaji. Njia ikizidi mita ishirini, anapoteza sekunde chache. Ikipungua mita moja tu, muda wake wote unafutwa, hata akiwa amekimbia kama swala."

Baadaye nilihamishiwa Makete kwa miaka miwili. Huko, ukielekea Kitulo, asubuhi majani huwa meupe kwa jalidi, na gurudumu la saa kumi na mbili alfajiri na lile la saa sita mchana ni magurudumu mawili tofauti. Nililiuliza kabla ya kazi, nikaliuliza baada ya kazi, bila kukumbushwa. Kisha nikarudi Njombe mjini, Mhandisi akastaafu, na mimi nikawa ndiye mpimaji. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba kosa nitakalolieleza si la mtu asiyefundishwa.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu. Nilifika pwani mchana, nikaliuliza gurudumu kwenye misumari yao saa nane, jua likiwa limesimama kichwani. Mwenyekiti wa mbio alinikuta nikipiga hesabu.

"Mama, zile mita ishirini na moja za juu mwaka huu ziondoe. Wadhamini wanataka rekodi."

"Zikitoka hizo, Mwenyekiti, na mimi natoka."

"Nyie watu wa Njombe! Hata barabara mnaijaza kama gunia."

"Tena tunaishona."

Alicheka, akaacha. Kesho yake nilipima saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ndio muda ambao askari wa barabarani waliweza kunisindikiza. Nilipomaliza, nilitakiwa kurudi kwenye misumari nikaliulize gurudumu mara ya pili. Sikurudi. Nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyetoka mtoni, na nilijiambia: joto ni lile lile, la jana mchana na la leo asubuhi. Kwa mtu wa Makambako, pwani haina asubuhi. Kwenye fomu, mahali pa kipimo cha mwisho, niliacha nafasi tupu. Hakuna aliyeuliza.

Mbio zilikimbiwa. Wanawake waliongozwa na Edina, binti wa mkulima wa viazi wa Kifanya, niliyekuwa nikimwona akipanda vilima kati ya mashamba ya miti tangu akiwa na sare ya shule. Alimaliza kwa muda uliomfungulia mlango wa timu ya taifa. Jina lilishaandikwa, siku ya kuripoti kambini ilishatajwa. Ndipo timu nyingine ikaleta malalamiko: muda ule hauwezekani, njia ni fupi. Waandaaji wakaamua ipimwe upya na mtu mwingine. Ikikutwa fupi, muda wa Edina unafutwa na nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

Baba yake alikuja nyumbani kwangu Lyamkena, nilikojenga, akakataa kukaa.

"Dada, wanasema barabara yako ni fupi. Ni fupi?"

Ningeweza kumwambia hapana. Nilikuwa na miaka mingi ya kazi safi ya kujifunika nayo. Lakini usiku uliotangulia nilikuwa nimekwisha elewa. Nililiuliza gurudumu likiwa limevimba kwa jua la saa nane, nikapima nalo alfajiri likiwa limesinyaa. Gurudumu dogo huzunguka mara zile zile lakini hula barabara kidogo. Njia yangu ilikuwa imepungua. Sikujua ni kwa kiasi gani.

"Sijui," nilimwambia. "Nilikosea hatua moja."

"Wewe? Wewe ndiye uliyekuwa unawafundisha wengine."

"Mimi."

Aliangalia mikono yake, yenye udongo mwekundu kwenye kucha. "Mtoto hali chakula," alisema. "Na bado kila alfajiri anakwenda kukimbia." Kisha akaondoka.

Siku hiyo hiyo nilimwandikia Afisa Michezo, aliyeshughulikia malalamiko yale, barua ya nusu ukurasa: sikuliuliza gurudumu mara ya pili, kosa ni langu, mkimbiaji hahusiki. Alinipigia simu.

"Mama, barua hii ningeweza kuikalia."

"Usiikalie."

"Utastaafu na doa."

"Nitastaafu nalo. Ipeleke."

Niliruhusiwa kuwepo wakati wa kupima upya. Mpimaji mgeni alikuwa mwanaume mfupi, mpole, mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile. Aliliuliza gurudumu alfajiri, akapima, akarudi kwenye misumari akaliuliza tena, jua bado halijawa kali. Mimi nilisimama kwenye mstari wa kumalizia nimeshika chaki ambayo hakuna aliyeniomba. Alipiga hesabu juu ya boneti ya gari, akazirudia, kisha akanifuata.

"Mama, ulikosea."

"Najua."

"Zimepotea mita kumi na mbili."

Nikakaa kwenye ukingo, ukingo ule ule niliouambaa miaka yote. Mawazo yalikwenda Kifanya, kwa yule binti asiyekula. Ilinichukua muda kusikia kwamba mpimaji bado anazungumza.

"Lakini ulikuwa umeweka ishirini na moja za akiba. Zimebaki tisa. Njia si fupi, Mama. Muda wa binti ni halali."

Nilimpigia baba yake palepale, nikabonyeza vibaya mara mbili.

"Zimebaki tisa," nilisema.

"Tisa nini?"

"Mita. Za juu ya gunia."

Kwa mbali nikasikia mtu akiuliza, "Anasemaje, baba? Anasemaje?" Kisha baba akacheka kicheko kirefu cha mtu anayetua mzigo.

"Miaka yote lumbesa inanila mimi," alisema. "Leo imenilisha."

Sasa nimestaafu. Vijana wanapima mambo mengi kwa setilaiti, na sina ugomvi nao, ingawa wapimaji wa mbio bado wanapanda baiskeli. Wanaponiuliza siri ya kazi, nawaambia sina. Nina fomu moja yenye nafasi tupu, ambayo nimeihifadhi ndani ya Biblia, na huwaonyesha hiyo. Akiba uliyofundishwa kuiweka inaweza kukuokoa mara moja. Isikufundishe uvivu. Na ukikosea, sema kabla hujaulizwa, kwa sababu atakayelipa kosa lako mara nyingi si wewe.

Kabla ya kwenda kambini Edina alikuja kuniaga, na kijana wa bodaboda akashusha gunia la viazi lenye kichwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona.

"Mama, sema kweli," aliniuliza. "Zile mita tisa zilinichelewesha kiasi gani?"

"Kama sekunde mbili."

"Nirudishie."

"Nitazitoa wapi, mwanangu?"

Alicheka, akapiga kofi juu ya gunia, pale kamba zilipofumwa. "Baba amesema gunia lote ni zawadi, ila hapa juu ndizo zile mita tisa. Tule pamoja, deni liishe."

Nikakata kamba, nikabandika sufuria, tukaanza na zile mita za juu.