Shada la Kiduha kwa Mama Mkwe

Bwana Mhariri, nipe nafasi kidogo gazetini mwako nitubu, maana nimechoka kucheka peke yangu. Jina langu nalificha. Najua watu wa Kinyerezi wakisoma haya watanitambua hapo hapo, lakini ninyi wengine nisitirini.

Kosa ni langu, jamani! Simsingizii shetani. Siku ile shetani hakuwa na kazi shambani, kazi yote niliimaliza mwenyewe.

Zamani hizo nilikuwa mtunza bustani kwa mzungu mmoja huko Msasani. Kabichi zake zilipandwa kwa mstari, karoti kwa mstari, na katikati yake nilipita na jembe la gurudumu. Unashika mipini miwili, unasukuma, gurudumu linatangulia na kisu nyuma yake kinakata majani chini kwa chini. Sheria za pale zilikuwa nyepesi. Kilichoota nje ya mstari ni gugu, kiondoe. Chenye ua usikiguse, bibi wa Kizungu atalia.

Nikajiona bingwa wa palizi! Kumbe bingwa wa ujinga.

Basi nikampenda Mwanahawa wa Kinyerezi. Nilimpenda hata chakula kikawa hakipiti. Nikapeleka posa, na mama yake, mjane anayejilimia shamba lake mwenyewe, akamjibu mshenga wangu, mjomba Kibwana: "Mwambie aje anipalilie kwanza. Palizi ikiisha, nitampa jibu."

Ndiyo desturi, mkwe hupimwa kwa jembe. Wenye akili huenda na jembe la mkono na marafiki wa kuwasaidia. Mimi nikaazima lile la gurudumu, nikalifunga kwenye baiskeli, nikaendesha huku naimba njia nzima. Nilitaka waone mambo!

Sasa kuna jambo la ukwe. Mama mkwe humtazami usoni wala husemi naye, kila neno linapitia kwa mshenga. Na mjomba Kibwana, tulipofika tu, aliandaliwa chai na mihogo barazani, basi habari yangu ikaishia hapo. Sikuwa na wa kumuuliza kitu. Na hata angekuwepo nisingeuliza. Bingwa anauliza nini?

Nikalitazama shamba. Mahindi yamesimama ovyo, huku mawili, kule matatu, na katikati yake mchicha, mlenda, mchunga na kunde zimetambaa zinavyotaka. Nikasikitika. Maskini mama wa watu, shamba limemshinda!

Nikasukuma. Weee! Gurudumu linalia kwii kwii, jasho linanitoka, na mimi nacheka. Mahindi niliyajua, nikayaepuka. Mlenda ukaenda, mchunga ukaenda, kunde zikaenda na mizizi yake. Nyuma ya ua wa makuti nikamsikia Mwanahawa akicheka, nikajua ananisifu, nikaongeza mwendo.

Upande wa bondeni nikakuta vimaua vyekundu vimeota kuzunguka mashina ya mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa ya manjano, yamedumaa, lakini maua yalikuwa mazuri ajabu! Nikakumbuka sheria ya Msasani, nikayapisha kwa adabu. Kisha wazo likanijia. Bibi wa Kizungu akipelekewa maua hushinda anatabasamu. Mama mkwe naye si mwanamke?

Nikachuma, nikafunga shada kwa ukindu. Lilikuwa na vumbi vumbi jeusi, nikalikung'uta pale pale mlangoni pake liwe safi, nikamkabidhi mjomba alipeleke ndani.

Ukelele uliotoka humo ndani nausikia mpaka leo.

"Kiduha! Kaniletea kiduha mlangoni!"

Kwa asiyekijua, kiduha ni gugu linalonyonya mahindi mizizini. Hung'olewa kwa mkono kabla halijatoa ua, na lile vumbi nililokung'uta ndizo mbegu zake, ambazo hukaa ardhini miaka na miaka. Ama mlenda, mchunga na kunde, hizo zilikuwa mboga zake, ndizo alizokuwa akipeleka sokoni Kariakoo. Nilifyeka riziki yake nikabakiza adui yake!

Mama akatoka, akanigeuzia mgongo kwa heshima ya ukwe, akasema na mjomba kwa sauti ya kusikika Ubungo.

"Kibwana, mwulize huyo kijana, mlenda wangu kaupeleka wapi?"

Mjomba akanigeukia, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale. "Anauliza mlenda wake umeupeleka wapi."

"Mwambie nilidhani gugu."

"Anasema alidhani gugu."

"Na kunde?"

"Kunde hazikuwa kwenye mstari," nikasema.

Mjomba akanitazama. "Hilo simwambii, mwanangu. Mie bado nataka kula hapa."

Nikaona Mwanahawa ananiponyoka hivi hivi, kwa mkono wangu mwenyewe, na machozi yakanitoka mbele ya watu. Nasema kweli, nililia!

Mama akasema, "Mwambie sharti ni lile lile. Palizi ikiisha, ndipo nitampa jibu."

Palizi ya kiduha itaisha lini? Nikaketi chini. Ndipo Mwanahawa akapaza sauti nyuma ya makuti.

"Mama jamani! Kiduha kikiisha, mie si nitakuwa bibi kizee?"

Mama akajiziba mdomo kwa khanga. Hakuweza. Akacheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, mjomba naye akacheka na chai mkononi ikamwagika.

"Haya, amchukue," mama akasema akijifuta macho. "Lakini palizi ya shamba hili ni yake mpaka iishe."

Tukaoana. Na palizi haijaisha mpaka leo! Kila msimu naenda Kinyerezi, nainama, nang'oa kiduha kimoja kimoja kwa vidole, mgongo unalia. Mjomba Kibwana ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo mama mkwe sasa anapitisha maneno kwenye kinu chake.

"Kinu, mwambie mkwe wangu kaacha kimoja pale kwenye mhindi."

Juzi nilikuwa nimechoka hoi, nikasikia: "Kinu, mwambie mkwe wangu apumzike, mlenda umeiva." Nilikula mpaka nikalamba sahani.

Vijana mnaokwenda kulima ukweni, nawasihi! Shamba la mama si bustani ya mzungu. Kabla hujang'oa, uliza, na mshenga akiwa anakunywa chai, uliza hata kinu. Na maua, jamani, maua mpelekee huyo huyo mzungu. Mama mkwe mpelekee samaki.