Roda Namukonda na Majembe Yasiyo na Mipini

Mwaka 1923, katika asubuhi moja kabla jua halijawa kali, nilichumbia wanawake kumi na mmoja, na mmoja wao angeweza kumzaa mama yangu. Watu wa Chapwa bado wananicheka. Juzi mama mmoja muuza maharage pale Tunduma alinipunguzia bei, akasema mtu aliyetoa mahari nyingi kama mimi lazima awe amefilisika. Wacha wacheke. Kinachoniudhi ni kwamba wanaisimulia vibaya, wananifanya mimi ndiye mwenye habari. Habari ni ya Roda Namukonda, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeiharibu mpaka ikabidi itengenezwe, naona nina haki ya kuiandika.

Roda alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoanza hapa mpakani, mumewe Enoka alichukuliwa kuwa tengatenga, akabebeshwa mizigo ya askari, na hakurudi. Hawakuwa na mtoto. Vita vilipokwisha, njia ya Tunduma ilijaa wanawake wanaotafuta makwao. Wengine walitoka upande wa Rhodesia, vijiji vyao vimechomwa. Wengine walitoka huko Galula, chakula chao kimebebwa na jeshi moja leo na jeshi la pili kesho. Wengi walipita tu. Wasio na pa kwenda waliketi barazani kwa Roda, na Roda, kwa maneno yake mwenyewe, alikosa nafasi ya kufagia, ikabidi awajengee.

Mimi nilifika hapo Chapwa mwaka 1922, kijana wa Tukuyu, mwalimu wa shule ya misheni, pamoja na mama yangu Tabita aliyekataa kuniachia nipike mwenyewe. Nilikuta vijumba kumi na kimoja kwenye mteremko juu ya kijito, na nyumba ya Roda katikati. Wanawake waliokaa humo watu waliwaita wale wa vita. Walifinyanga vyungu, walilima vibarua kwa malipo ya ulezi, na mgonjwa akiwapo walimlisha kwa zamu. Jumbe Hezron aliwapa mteremko wote walime, ila kwa sharti: mvua za kwanza zikikuta ardhi haijalimwa, anaichukua tena. Nao walikuwa na majembe mawili, moja la Roda na moja la kuazima, kwa watu kumi na wawili. Roda alisema wawili wakilima na kumi wakiimba, kazi ya kuimba ndiyo inayoendelea vizuri.

Mwaka uliofuata akina mama wa makanisa ya Ulaya walichanga fedha kwa ajili ya wanawake waliovurugwa na vita, na sehemu ya mchango ikamfikia Bibi Agnesi, mwuguzi wa misheni yetu. Alikuja mteremkoni kuuliza, jambo ambalo si kila mgeni alilifanya. Yeye alifikiria unga na mablanketi.

“Unga tutaupokea kwa mikono miwili, Bibi,” Roda akamwambia, nami nikitafsiri. “Ukiisha utatuletea mwingine. Na ukiisha huo, mwingine. Wewe utachoka kabla yetu.”

“Mnataka nini basi?”

“Majembe kumi na moja.”

“Mbona mpo kumi na wawili?”

“Mimi ninalo langu. Ndilo wanalonigombania.”

Bibi Agnesi akacheka, akanunua majembe kwa wahunzi wa Mbozi, mazuri kabisa, ya chuma walichoyeyusha wenyewe. Kama kawaida ya jembe linalosafirishwa, yalikuja bila mipini. Fedha zikaishia hapo. Siku aliyoondoka kwenda Karonga alinipa mzigo pamoja na onyo. Alikuwa ameona misaada mingi ikipungua njiani, mkono huu ukichukua kidogo na mkono ule kidogo.

“Kila mwanamke apewe lake mkononi mwake, Mwalimu. Lisipite kwa Jumbe, wala kwa mzee wa kanisa, wala kwa Roda.”

Nililipenda agizo hilo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na nilipenda sana kuaminiwa. Kesho yake, Roda akiwa amekwenda Mbozi kutafuta mbegu, nilivaa kanzu yangu nyeupe, nikabeba majembe, nikaanza kugonga milango.

Sasa nieleze jambo ambalo siku ile sikulijua, na ambalo kila mtu wa hapa alilijua tangu anyonyeshwe. Kwetu Tukuyu mahari ni ng'ombe, na jembe ni chombo cha kulimia, basi. Hapa mahari ni majembe. Lenye mpini ni la shamba. Lisilo na mpini, mwanamume akilifikisha kwenye mlango wa mwanamke, au mbele ya mashahidi, na kumkabidhi kwa mikono miwili, huyo amekuja kuposa.

Mimi nilikabidhi kwa mikono miwili, tena nimeinama, maana mama yangu alinilea vizuri. Mlango wa kwanza, Loisi aliinamisha uso, akajifunika kichwa, akaniletea maji ya kunywa. Nikasema moyoni, watu wenye shukrani hawa. Mlango wa pili nikaletewa maji tena. Wa tatu vilevile. Kufika kwa bibi kizee Fides tumbo lilikuwa limejaa maji. Fides alilipokea jembe, akaligeuza upande huu na huu, kisha akaniangalia kwa muda mrefu.

“Mwanangu, umefikiri vizuri?”

“Nimefikiri, mama,” nikamjibu kwa furaha. “Na bado ninayo mengine.”

Enesi peke yake sikumkuta nyumbani. Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, mkali, asiyependa kuguswa. Baba yake naye alichukuliwa tengatenga, na tangu afike kwa Roda hakuacha kwenda njia kuu kuwauliza wasafiri wa Abercorn, ng'ambo ya mpaka, kama wamemwona. Wenzake walipomwita Roda mama, yeye alimwita Roda. Alisema ana baba, na baba yake akija atamkuta hana mama wa kuokota. Nilimkuta hukohuko njiani nikampa jembe lake mbele ya wachuuzi sita, nao wakanipigia makofi.

Mchana mama yangu alirudi kisimani bila maji.

“Kumi na mmoja, Andongwisye?” Hakunitaja kwa jina la ubatizo, nikajua mambo si mazuri. “Hata nyumba hatuna.”

Kabla ya jioni mzee wa kanisa Jairo alikuwa amefika kuniuliza kama nimekwisha kuacha dini au nipo njiani. Nilipoelewa, nilitaka ardhi inimeze. Nikasema najitoa mara moja, kwa wote kumi na mmoja, na wakitaka nitaandika barua.

“Kujitoa ni rahisi,” Jairo akasema. “Mchumba akijitoa, jembe linabaki kwa baba wa mwanamke. Lakini hawa baba zao wako wapi? Majembe ya posa yasiyo na baba ni ya Jumbe. Yeye ndiye baba wa wasio na baba.”

Jumbe Hezron hakuwa mtu mbaya, na nisisikie mtu akisema alikuwa mbaya. Ila alikuwa na wana watatu waliofikia umri wa kuoa, na hakuwa na majembe. Alitangaza baraza la kesho yake. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa Rukwa. Majembe yakienda kwa Jumbe, mteremko ungekutwa haujalimwa, na kwenye mteremko kukosa kulima kulikuwa sawa na kufukuzwa. Wale wa vita wangerudi njiani, na sababu ni kanzu yangu nyeupe. Sikula siku ile, na mama yangu hakunibembeleza.

Roda alirudi jua likitua, na gunia la mbegu kichwani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mbali kidogo. Alicheka mpaka akakaa chini, mbegu zikamwagika. Nilipofika kwenye habari ya Jumbe akaanza kuziokota mbegu moja moja. Kisha akachukua shoka.

Barazani tulikuwa tumekwisha kaa alipotokea na mzigo wa miti mabegani, akautupa mbele ya Jumbe. Ilikuwa mipini kumi na mmoja ya mti wa msuku, mibichi, kila mmoja na kichwa kinene cha kupokea chuma. Nyuma yake wanawake walibeba majembe, na Fides alibeba kigae cha makaa ya moto.

“Hii ni nini?” Jumbe akauliza.

“Mipini, Jumbe. Nimesikia unamtafuta baba. Kazi ya baba ni kutia mpini.”

Watu wakacheka, Jumbe akawaacha wamalize. “Mama Roda, mwanamke hawi baba.”

“Nani aliwajengea? Nani aliwauguza wakiharisha damu ule mwaka wa njaa? Loisi alipotukanwa kisimani, nani alikwenda kudai faini kwako, na ukampa? Ulimpa kama nani?”

Jumbe alilikumbuka lile jambo la faini, nikaona analikumbuka bila kupenda. Alishauriana na wazee, wakakohoa sana. Mwishoni akasema mila ipo: baba ni yule ambaye mwanamke mwenyewe anamtaja mbele za watu.

“Lakini sikilizeni,” akaendelea. “Anayemtaja baba mwingine, wa kwanza amemzika. Hakuna kurudi. Na wewe Roda, ukiwa baba wa kaya hii ni baba wa kaya nzima. Akikukana hata mmoja, wewe ni jirani tu mwenye moyo mzuri, na majembe ni yangu yote.”

Alikuwa hodari wa baraza. Alijua kuhusu Enesi. Sote tulijua.

Walianza kutaja. Loisi akasema baba yake ni Roda. Wa pili akasema Roda. Fides, aliyemzidi Roda kwa miaka zaidi ya ishirini, alisimama akasema kwa utulivu kabisa, “Baba yangu ni huyu mtoto,” na hata Jumbe alishindwa kuzuia kicheko. Roda, kila alipotajwa, alichukua jembe, akauchomeka mkia wake kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akaupenyeza kwenye kichwa cha mpini. Moshi ukapanda, harufu ya mti mbichi ikatujaa puani. Aliyafanya hayo mara kumi.

Enesi akabaki. Roda hakumtazama. Nilikuwa karibu nikamsikia akisema polepole, “Usiseme usilolitaka, Enesi. Tutatafuta njia nyingine.” Njia nyingine haikuwapo, na Roda alijua. Nilimheshimu tangu zamani, lakini pale ndipo nilipompenda kama mzazi.

Watu walikuwa wameanza kunong'ona Enesi aliposimama.

“Baba yangu alikuwa Sinkala,” akasema. “Alichukuliwa kubeba mizigo. Mwaka juzi mtu mmoja wa Abercorn aliniambia alianguka na mzigo wake, wakauchukua mzigo wakamwacha. Nilimwambia mtu yule amemfananisha. Hakumfananisha. Alinitajia kovu la kidoleni.” Akavuta pumzi. “Baba yangu amekufa. Baba niliye naye ni Roda.”

Hakuna aliyecheka. Mama yangu, ambaye hakuwa ametangamana na Enesi hata siku moja, alilia waziwazi na ukingo wa nguo mdomoni. Mimi pia nililia. Jumbe Hezron alivua kofia yake, akaiweka magotini, akasema majembe ni ya Roda.

Ilibidi nijitoe rasmi, na Jumbe, pengine kwa kulipiza kidogo, aliagiza nijitoe kwa mmoja mmoja. Nilizunguka mara kumi na moja nikisema, “Nimejitoa, unisamehe.” Fides akanijibu kwamba alijua tangu mwanzo sitadumu. Mwaka uliofuata mtoto wa pili wa Jumbe alimposa Loisi, na Jumbe alipeleka majembe sita nyumbani kwa baba wa bibi arusi, akapokelewa kwa ugali na heshima zote. Bibi Agnesi, nilipomsimulia kwa nini majembe kumi na moja ya mchango wa Ulaya sasa yalikuwa kumi na saba, aliniomba nirudie mara tatu, na michango iliyofuata aliipeleka moja kwa moja kwa Roda. Mpaka leo ile kaya ipo, na imewapokea wengine wengi. Roda aliniita mkwe mpaka alipofariki, tena kanisani, tena kwa ile sauti yake.

Lakini siku ile ya baraza hawakusubiri. Walitoka pale moja kwa moja hadi mteremkoni, na sisi wengine tukawafuata. Kwa mara ya kwanza walilima wote pamoja, mstari mmoja, na Roda mwishoni na jembe lake la zamani. Hawakuimba, maana pumzi ilikuwa ya kulimia. Walipofika nusu ya mteremko Enesi alisimama, akalitikisa jembe lake, akalitazama kwa hasira. Mpini ule wa kumi na moja Roda aliutia macho yakiwa yamejaa machozi, na haukukaa sawa.

“Baba,” Enesi akaita. “Mpini wangu unacheza.”

Ikabidi amwite mara ya pili, maana Roda hakugeuka upesi.

“Nakuja, mwanangu,” akasema, akapanda mteremko akipangusa mikono.